Hatimiliki na hakimiliki: Mchoro unapoitetea nchi

Kati ya neno hatimiliki na neno hakimiliki pana tofauti ya herufi moja tu. La kwanza ni la afisi ya ardhi. La pili ni la mwandishi, mwanamuziki na mchoraji. Wanafunzi wangu huyachanganya maneno haya kila mwaka katika insha zao, nami huwasahihisha bila huruma. Hata hivyo, wapo watu ambao wangeshangaa kusikia kwamba sisi tunayatenganisha.

Watu hao ni Wayolngu wa Arnhem Land, kaskazini mwa Australia. Kwao, mwenye haki ya kuchora umbo fulani ndiye mwenye nchi ambayo umbo hilo linaisimulia. Hupati moja ukalikosa la pili. Anayeiiga michoro ya ukoo wa wenyewe bila idhini hajaiba picha tu. Ameingia katika boma la watu na kuondoka na cheti cha shamba lao.

Nayasema haya kwa sababu nimechoshwa na namna tunavyohakiki sanaa za jamii asilia, ziwe za kwetu au za ng'ambo. Tunauliza: Je, kazi hii inapendeza? Je, ni ya kale kiasi gani? Mara chache sana tunauliza swali lililo muhimu zaidi: Je, kazi hii inasema nchi ni ya nani, na msemaji ana idhini gani ya kusema?

Hebu tuanze na neno lenyewe, nchi. Wenyeji asilia wa Australia wanapozungumza Kiingereza, hulitumia neno la Kiingereza lenye maana ya 'nchi' kwa njia iliyowatatiza walowezi kwa miaka mingi. Hawamaanishi dola yenye bendera na wimbo wa taifa. Wanamaanisha ardhi, maji, miamba, wanyama, mababu na nyimbo za mahali pamoja, vyote vikiwa kitu kimoja kinachomjua mtu na kumdai mtu wajibu.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kutatizika. Neno letu nchi lilikuwa ardhi kabla ya kuwa dola. Ndiyo maana mpaka leo tunasema nchi kavu tukiitofautisha na bahari. Neno chini nalo lina mzizi uo huo. Na mwananchi ni nani? Ni mwana wa nchi. Si mmiliki wake, bali mtoto wake. Tumelitumia neno hili katika hotuba za siasa mpaka limechakaa, tukasahau kwamba ndani yake mna nadharia nzima ya uhusiano wa binadamu na ardhi.

Nadharia hiyo ndiyo iliyofikishwa katika Bunge la Australia mnamo Agosti 1963. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imemega zaidi ya kilomita 300 za mraba kutoka hifadhi ya Arnhem Land ili boksiti ichimbwe, pasi na kuwauliza wenyeji wa Yirrkala. Wazee wakaandika malalamiko. Lakini hawakuyaandika kwenye karatasi tupu. Waliyapiga chapa kwa lugha yao na kwa Kiingereza, wakayabandika kwenye vipande vya magome ya mti, kisha wakayazungushia michoro ya koo zao pembeni.

Mhakiki mzembe atasema michoro ile ilikuwa pambo la barua. La hasha! Maandishi ndiyo yaliyokuwa tafsiri, na michoro ndiyo iliyokuwa matini asilia. Michoro ilisema: Sisi ni nani, tumeirithi nchi hii kutoka kwa nani, na mpaka wetu uko wapi. Jamii ya Wayolngu imegawika katika nusu mbili, Dhuwa na Yirritja, na kila nusu ilikuwa na gome lake. Ombi hilo la 1963 lilikuwa hatimiliki iliyowasilishwa kwa watu wasiojua kuisoma.

Jambo jingine linalonigusa kama mtu wa lugha ni kwamba waandishi wa ombi lile waliliomba Bunge litume kamati ije kuwasikiliza ikiwa na wakalimani stadi. Walijua mapema kwamba haki inaweza kupotelea katika tafsiri. Kamati iliundwa, ikasikiliza, ikapendekeza fidia na ulinzi wa maeneo matakatifu. Mgodi ukachimbwa vilevile.

Wayolngu wakaenda mahakamani. Mnamo 1971 walishindwa. Jaji aliyeamua kesi hiyo hakukana kwamba walikuwa na sheria zao. Alikiri kwamba zilikuwepo na kwamba zilikuwa na mpangilio. Ila alisema kwamba ushahidi ulionyesha kuwa ni ukoo uliokuwa mali ya ardhi zaidi ya ardhi kuwa mali ya ukoo. Kwa hivyo, kwa mujibu wa sheria yake, hapakuwa na umiliki wa kulindwa.

Kumbe jaji alielewa vyema, kisha akahukumu kinyume cha alichokielewa! Alikuwa amewasikia wananchi kwa maana kamili ya neno hilo, yaani wana wa nchi, lakini sheria yake iliwatambua wenyenchi peke yao. Sisi Wakenya tunaijua tofauti hiyo. Hatuhitaji kusafiri hadi Australia kuambiwa.

Kushindwa huko hakukuwa bure. Kulichangia kuundwa kwa tume na hatimaye kutungwa kwa sheria ya 1976 ya haki za ardhi katika jimbo la Northern Territory. Baadaye, mnamo 1992, Mahakama Kuu ya Australia iliitupilia mbali dhana kwamba bara lile lilikuwa nchi isiyo na wenyewe Waingereza walipofika. Kesi hiyo ililetwa na Eddie Mabo na wenzake kutoka kisiwa cha Mer, naye Mabo alifariki miezi michache kabla ya uamuzi kutolewa.

Sasa tugeukie hakimiliki. Mapema katika miaka ya tisini, kampuni moja iliingiza nchini Australia mazulia yaliyofumwa Vietnam, nayo yalikuwa na michoro ya wasanii wa kiasili iliyonakiliwa bila ruhusa. Miongoni mwa michoro hiyo ulikuwemo wa Banduk Marika wa Yirrkala, uliohusu maji matakatifu ya ukoo wake. Fikiria basi, msomaji wangu. Kitu ambacho hata mtu wa ukoo hakioni ila kwa utaratibu maalumu, kimetandazwa sebuleni watu wakikanyage kwa viatu.

Wasanii wanane walihusika katika kesi hiyo, baadhi yao wakiwa wamekwisha kufa na kuwakilishwa na wengine. Mnamo 1994 mahakama iliamua kwamba hakimiliki ilikuwa imevunjwa, ikatoa fidia ya zaidi ya dola 188,000 za Australia. La maana zaidi kuliko fedha ni kwamba jaji alilizingatia dhara la kiutamaduni. Alitambua kuwa msanii ambaye mchoro wake umetumiwa vibaya anaweza kulaumiwa na kuadhibiwa na jamii yake, hata kama yeye hakujua. Kwa nini? Kwa sababu yeye si mwenye mchoro kwa maana ya soko. Ni mlinzi wake tu, kama alivyo mlinzi wa kisima.

Miaka miwili baadaye tukio jingine likatokea katika ghuba ya Blue Mud Bay. Djambawa Marawili, kiongozi wa ukoo wa Madarrpa na mchoraji hodari, alikuta kichwa cha mamba kilichokatwa na kuachwa katika kambi ya wavuvi haramu. Mahali penyewe ni patakatifu kwa Bäru, babu mwenye umbo la mamba ambaye masimulizi ya ukoo huo yanamhusisha na asili ya moto. Yaani wageni walikuwa wamechinja na kutupa kichwa mlangoni pa kaburi la babu.

Marawili na wenzake wangeweza kuandamana au kuchoma kambi. Badala yake walichora. Wasanii 47 walitengeneza michoro 80 ya magome ya mti, kila mmoja ukieleza sehemu fulani ya pwani na bahari: ni ya ukoo gani, mikondo ya maji inaenda wapi, maji matamu yanakutana na ya chumvi mahali gani. Mistari yake myembamba huchorwa kwa brashi ya nywele za binadamu. Mchoro wa Madarrpa una vijiumbo vya pembe nne vilivyoungana, mithili ya magamba ya mamba na ndimi za moto kwa pamoja. Ukivitazama kwa muda, macho huona kama vinatikisika. Wageni huuita huo ufundi wa macho. Wenyewe husema ni nguvu ya mababu iliyomo katika nchi ikijionyesha.

Michoro hiyo ilikuwa sehemu ya mapambano yaliyofika hadi Mahakama Kuu. Tarehe 30 Julai 2008, mahakama hiyo iliamua kwamba wenye ardhi wana mamlaka pia juu ya maji yanayofunika eneo lililo kati ya kujaa na kupwa kwa bahari. Uamuzi huo uligusa takriban asilimia 80 ya ukingo wa bahari wa Northern Territory. Mvuvi wa kibiashara sharti aombe idhini.

Hapa Kiswahili kina la kusema. Neno pwani linatokana na kitenzi kupwa. Kiasili, pwani ni pale maji yanapopwa, si mkoa wala eneo la utalii. Ni ule ukanda ambao maji huufunika na kuufunua mara mbili kwa siku. Wanasheria wa Australia walibishana kwa miaka mingi kuhusu ukanda huo, kwani sheria yao ilijua nchi kavu na ilijua bahari, lakini haikujua pa kuiweka pwani. Mswahili aliupa jina zamani. Myolngu aliuchora.

Kusini magharibi ya hapo, katika jangwa la Great Sandy Desert, wenyeji walikabiliwa na tatizo jingine, nalo ni lugha. Walitakiwa wathibitishe uhusiano wao na ardhi mbele ya baraza la serikali, lakini wazee wengi hawakukijua Kiingereza vya kutosha kuhojiwa kwacho. Basi mnamo 1997, mahali paitwapo Pirnini, zaidi ya wasanii 40 wa jamii za Walmajarri, Wangkajunga na jirani zao walitandaza turubai lenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 10, wakachora nchi yao yote. Kila mmoja alichora visima na chemchemi za kwao. Wajumbe walipofika, kila mzee alisimama juu ya sehemu aliyoichora akaieleza kwa lugha yake.

Mimi sijawahi kupata mfano bora zaidi wa kile tunachokiita utendaji katika fasihi simulizi. Pana fanani, pana hadhira, pana jukwaa, ila jukwaa lenyewe ndilo hadithi. Mtu anakanyaga picha ya kisima na kusema: Hapa ndipo kwetu. Mnamo Novemba 2007 haki za watu hao zilitambuliwa juu ya eneo la zaidi ya kilomita 75,000 za mraba, ukubwa unaokaribiana na Kaunti ya Turkana nzima. Turubai hilo linaitwa Ngurrara, neno lenye maana ya kwetu, nyumbani.

Zingatia tofauti kati ya turubai hilo na zulia la Vietnam. Yote mawili yalitandazwa chini na yote yalikanyagwa. Moja lilikanyagwa na wenyewe ili kuithibitisha nchi. Jingine lilikanyagwa na wateja wasiojua wanachokikanyaga. Umbo peke yake haliwezi kukuambia lipi ni heshima na lipi ni tusi. Ndiyo maana nasema uhakiki unaoishia kwenye umbo hautoshi.

Kasoro hii imewapata hata wahakiki wakubwa. Emily Kame Kngwarreye wa eneo la Utopia, Australia ya kati, alianza kuchora kwenye turubai akiwa mkongwe, akaacha kazi nyingi ajabu alipofariki mwaka wa 1996. Wapo waliomsifu kwa kumlinganisha na wachoraji dhahania wa Ulaya na Marekani, kana kwamba sifa kuu ya bibi huyo ni kufanana na watu ambao kazi zao hazikumhusu. Mchoro wake maarufu wa 1995, wenye urefu wa mita 8, ni mistari myeupe inayopindana juu ya weusi. Dhahania? Hiyo ni mizizi ya kiazi mwitu ikitambaa chini ya ardhi. Jina lake, Kame, ndilo mbegu ya kiazi hicho. Bibi alichora jina lake, chakula chake na nchi yake kwa mkupuo mmoja.

Wapo pia wanaodhani msanii wa kiasili ni lazima abaki na magome na udongo wa rangi, la sivyo 'ameharibika'. Jibu lao ni Gunybi Ganambarr. Katika kituo cha sanaa cha Buku-Larrnggay Mulka huko Yirrkala ipo kanuni: ukiichora nchi, tumia vitu vya nchi. Ganambarr aliitazama nchi yake akaona imejaa vitu vilivyotupwa na migodi na wajenzi: mikanda ya mpira ya kusafirishia mawe, mabati, mabomba. Naam, akasema hivi navyo viko juu ya nchi. Akaanza kuvichonga.

Mnamo 2018 alishinda tuzo kuu ya kitaifa ya sanaa ya wenyeji asilia kwa kazi iitwayo Buyku, inayohusu mtego wa samaki. Kazi hiyo imechongwa juu ya ubao wa alumini. Alumini hutokana na nini? Na boksiti. Udongo uliochukuliwa Yirrkala ukiwa nchi takatifu ni wa aina ile ile inayoyeyushwa ikawa bamba linalong'aa. Mimi naisoma Buyku kama jibu la ombi la 1963. Walioomba hawakusikilizwa, na mjukuu akaandika ombi upya juu ya kilichofanywa kwa udongo ule. Mila iliyo hai hufanya hivyo, haiogopi bati.

Nisije nikaeleweka kwamba sanaa ni dawa ya kila ugonjwa. Soko limewafaidi wengine kuliko wasanii. Johnny Warangkula Tjupurrula, mmoja wa walioanzisha harakati ya uchoraji huko Papunya, aliuza mchoro wake wa 1972 kwa takriban dola 150. Mnamo 1997 ulipigwa mnada kwa zaidi ya dola 200,000, na mwaka wa 2000 kwa zaidi ya 480,000. Mzee mwenyewe aliishi katika ufukara hadi alipofariki mwaka uliofuata. Sheria ya kumpa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena ilianza kutumika Australia mwaka wa 2010, yeye akiwa kaburini.

Isitoshe, michoro imening'inizwa katika majumba yote makubwa ya dunia, lakini Oktoba 2023 wapiga kura wengi wa Australia walikataa pendekezo la kuwapa wenyeji asilia chombo cha kulishauri Bunge. Watu hupenda mchoro wa jirani huku wakimkataa jirani. Swali gumu kwa mhakiki ni hili: Je, sifa zetu kwa sanaa haziwezi kuwa njia ya kukwepa deni letu kwa msanii?

Swali hilo linabisha hodi nyumbani. Wagiriama wa pwani yetu huchonga vigango kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu. Kigango hakihamishwi. Hata watu wakihama, hubaki pale pale kilipochomekwa mpaka kioze, kwa kuwa kazi yake ni kuwafunga waliokufa na walio hai mahali pamoja. Lakini vigango vingi viling'olewa, vikauzwa kwa watalii na kuishia katika makavazi ya Marekani vikiitwa sanamu. Viwili vilirejeshwa mwaka wa 2007, na vingine vimeendelea kudaiwa. Kuking'oa kigango si wizi wa mti uliochongwa tu. Ni kung'oa jiwe la mpaka.

Sheria hatukosi. Tunayo ya 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi, na marekebisho ya 2019 ya sheria ya hakimiliki yaliyompa msanii asilimia 5 ya mauzo ya baadaye. Mahakama ya Afrika kule Arusha nayo iliamua mwaka wa 2017 kwamba kuwafurusha Waogiek kutoka Mau kulivunja haki yao ya ardhi na pia haki yao ya utamaduni. Mahakama imekwisha kuona kwamba hatimiliki na hakimiliki ni ndugu. Tuliobaki nyuma ni sisi wa madarasani.

Darasani tunaendelea kuorodhesha: miviga, ngomezi, nyimbo za kazi, kila kipera na sifa zake tano. Mwanafunzi anazikariri, anapata alama ya A, lakini hajawahi kuulizwa wimbo ule uliimbwa juu ya kilima gani, na leo kilima hicho kina cheti cha nani. Napendekeza kwa walimu wenzangu kwamba kila kazi ya fasihi simulizi inayokusanywa nyanjani iandamane na maswali matatu: Ni ya mahali gani? Nani ana idhini ya kuitoa? Na watu wa mahali hapo wangalipo hapo?

Hupenda sana kusema kwamba mwacha mila ni mtumwa, na methali hiyo huwalenga vijana, eti ndio waliotupa mila. Mifano niliyoieleza inanifanya niisikie tofauti. Wengi hawakuiacha mila. Waliondolewa katika nchi ambamo mila hiyo ilikuwa na maana. Kwa hivyo, kabla ya kumlaumu kijana wa Kigiriama au wa Kiogiek kwamba hajui nyimbo za babu yake, tumuulize kwanza kama anaruhusiwa kufika pale zilipoimbwa.